Kutia tarehe na saa kwa kibodi tu, simu ikiwa sikioni

Assalaam aleikum wanachama. Kazi yangu ni kupokea buking za matembezi hapa Mji Mkongwe: Jozani, mashamba ya viungo Kizimbani, Changuu. Mteja yuko hewani, mkono mmoja umeshika simu, mmoja ndio wa kuandikia. Ukianza kuitafuta tarehe kwa mausi kwenye kile kikalenda kidogo, mshale mwezi baada ya mwezi, mteja keshakata. Tena laptop yangu ile pedi ya kugusia ilikufa zamani kwa hewa ya chumvi, nikajifunza kwa lazima.

1. Geuza saa kichwani kwanza

Hapa ndipo tunapoumia, kuliko kwenye kibodi. Siku moja niliambiwa wageni wachukuliwe hotelini saa moja, nikaandika 1:00. Dereva akasoma 1:00, akafika saa saba mchana. Wageni walishakodi teksi tangu asubuhi, na matusi nikala mimi.

Tangu siku ile naandika kwa mtindo wa saa 24 tu. Saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, ongeza 6: saa 1 ni 07:00, saa 10 alasiri ni 16:00. Saa moja usiku mpaka saa tano usiku, ongeza 18: saa 2 usiku ni 20:00. Saa saba usiku mpaka saa kumi na mbili alfajiri, toa 6. Iliyobaki ni saa sita usiku, nayo ni mtego: ni 00:00 ya tarehe *inayofuata*. Boti ya kuvua ikiondoka tarehe 9 saa sita usiku, kompyuta inataka tarehe 10.

2. Excel na Google Sheets

Ctrl na ; (nukta-mkato) inatia tarehe ya leo. Ctrl, Shift na ; inatia saa ya sasa. Ukitaka vyote kwenye kisanduku kimoja cha Excel, tia tarehe, gonga nafasi, kisha saa.

Kwa siku nyengine, usiandike 3/4. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani itasoma Machi 4, yako itasoma Aprili 3, na hakuna itakayokuonya. Andika 2026-04-03, mwaka mbele. Ukishagonga Enter, tazama: tarehe ya kweli hujisogeza kulia mwa kisanduku, ikibaki kushoto ujue imechukuliwa kama maneno tu. Kadhalika 7pm iliyoshikana Excel haiijui; inataka 7 pm yenye nafasi. Mimi 19:00 inanitosha.

3. Google Calendar

Ingia kwenye mipangilio, washa njia za mkato za kibodi, na hapohapo chagua saa 24. Baada ya hapo herufi c inafungua tukio jipya, g inakupeleka kwenye tarehe unayoitaka, t inakurudisha leo. Ndani ya tukio tembea kwa Tab, futa saa iliyomo, andika 16:30, Ctrl na S kuhifadhi. Tukio zima halifiki nusu dakika.

Wenye Outlook ya zamani ya kompyuta: kwenye kisanduku cha tarehe unaweza kuandika *tomorrow* au *next friday*, nayo itahesabu yenyewe.

Maswali

*Mwalimu, mie niko Wete. Tarehe niliyotia jana leo imejibadilisha!*

Umetumia =TODAY(), dada yangu. Hiyo kila siku ni leo. Futa, tumia Ctrl na ; ambayo ikishakaa imekaa.

*Kaka, mgeni wa Italia anataka nimpigie saa nne asubuhi ya kwao. Naongeza ngapi?*

Kwanza muulize saa nne ipi, yake au yetu! Akisema 10:00, wakati wa baridi wao wako nyuma yetu saa mbili, kiangazi saa moja. Wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatubadilishi. Bora usihesabu: kwenye tukio chagua majira ya Roma, andika 10:00, kalenda itakuonesha saa ya hapa.

*Shekhe, mteja kataka chakula cha usiku "usiku wa Ijumaa". Nitie siku gani?*

Hili halina kitufe. Mteja wa kwetu, mtu mzima, huenda anakusudia Alhamisi baada ya magharibi, maana kwetu usiku hutangulia mchana wake. Kijana au mgeni anakusudia Ijumaa yenyewe. Muulize, "ndio usiku wa kuamkia Ijumaa?" Akikubali, andika Alhamisi 20:00, na kwenye kichwa cha tukio tia maneno hayohayo aliyosema. Mpishi wangu mzee hasomi tarehe kabisa, anasoma kichwa tu.