Kabla ya kwenda Lamu, kisiwa cha punda na mashua

Watu wengi hupanga safari ya Lamu kama wanavyopanga ya Diani au Watamu: hoteli kwanza, tiketi pili, na mengine yatajulikana huko huko. Diani ukikosa mpango unatoka langoni, unapungia tuktuk mkono, mambo yanaisha. Lamu hakuna wa kumpungia mkono. Mji wa kale, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro vyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akija lazima ujibanze ukutani apite. Magari kisiwani ni ya kuhesabu, mengi yao ya serikali. Pikipiki zimeingia miaka ya karibuni, na ingawa zimewahi kupigwa marufuku ndani ya mji wa kale, pembezoni utazikuta. Vingine vyote, kuanzia mchanga wa kujengea hadi mgonjwa, huenda kwa mguu, kwa punda, kwa mkokoteni au kwa boti. Boti nazo zinategemea maji. Ndiyo maana mimi hushauri mtu aanze na kalenda ya mwezi, hoteli ifuate.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua: maji hujaa sana, yakitoka yanatoka kweli kweli. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa mnamo saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Katikati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, ambayo tofauti ya kujaa na kupwa si kubwa. Haya kwa mtu wa Nairobi yanaweza kusikika kama mambo ya wavuvi tu, lakini yanagusa karibu kila unachotaka kufanya. Magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hufikiwa kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Maji yakiwa yametoka, mashua haifiki, au inafika na kukwama, nanyi mnakaa hapo mkiangalia kaa hadi bahari irudi. Mkondo wa Mkanda, unaopitwa kwenda Pate na Siyu, nao muulize nahodha kama maji yatatosha saa mtakayopita. Hata njia ya ufukoni kati ya Lamu mjini na kijiji cha Shela, mwendo wa kama dakika 45, sehemu zake humezwa na maji yakijaa. Ukiwa na asubuhi tatu tu za kutembea, na zote zimeangukia bamvua, Takwa ya asubuhi isahau. Omba ya alasiri, na umuulize nahodha mtarudi saa ngapi.

Baada ya mwezi, upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi: joto, bahari tulivu kiasi, maji mangavu ya kutazamia matumbawe. Kusi hushika baada ya hapo, na Juni hadi Agosti huwa na nguvu. Hewa ni nzuri, usiku unalala vizuri, ila bahari huchafuka na mawimbi ya nje ya mlango wa bahari si ya mtoto. Aprili na Mei ni masika, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Kwa maoni yangu, mtu anayependa kutembea mji zaidi ya kuogelea atafurahia Agosti kuliko Februari, maana jua la Februari ndani ya kuta za mawe ya matumbawe halina mzaha.

Kisha tazama kalenda ya Kiislamu. Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa kama siku 11, hubadilisha mji: mchana migahawa mingi imefungwa, na mji huamka baada ya magharibi, viazi vya karai na bajia zikitoka motoni kila kona. Anayejua anachokifuata atauona mwezi mtamu. Aliyekuja na watoto wenye njaa ya saa sita atasumbuka, basi apange nyumba yenye jiko. Maulidi ya Lamu, yanayosomwa Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, hufanyika mwishoni mwa Mfungo Sita (Rabiul-Awwal), na wageni hufika kutoka pwani yote na hata nje ya nchi. Vyumba huisha mapema sana. Tamasha la utamaduni, ambalo kwa kawaida huangukia Novemba, nalo huujaza mji hivyo hivyo. Ama ulipie miezi kabla, ama uziepuke siku hizo. Kufika bila nafasi ukitumaini bahati ni kutafuta kulala barazani.

Njia za kufika ni mbili. Ya angani inatua Manda, kisiwa cha jirani, na kutoka uwanjani unashuka kwa miguu hadi gatini kupanda boti. Kuvuka ni dakika chache. Ndege nyingi za njia hii ni ndogo, na ruhusa ya mizigo mara nyingi ni kilo 15, tena wanapendelea begi laini. Soma tiketi kabla ya kufunga mizigo. Ya nchi kavu ni basi kutoka Mombasa kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, halafu boti. Safari hula sehemu kubwa ya siku, na kuna vituo vya polisi vya ukaguzi. Kitambulisho kiwe mfukoni, si chini ya begi kwenye buti. Kuhusu usalama wa njia hii sitazunguka: bara ya Lamu imepata mashambulizi, la Mpeketoni la Juni 2014 likiwa ndilo linalokumbukwa zaidi, na hali hubadilika. Wiki ya safari piga simu kwa mwenyeji wako na kwa kampuni ya basi, uulize njia ikoje na mabasi yanaondoka saa ngapi. Anayetoka ng'ambo asome pia ushauri wa serikali yake, kwa sababu bima nyingi za safari hazilipi iwapo ulikwenda mahali ambapo nchi yako imekukataza.

Vyovyote utakavyokuja, fika kabla ya magharibi. Boti za usiku zipo, lakini kupanda na kushuka gizani na watoto na mabegi, ngazi za gati zikiwa na utelezi wa mwani, ni shida usiyoihitaji.

Sasa mizigo. Hebu fikiria unavyofika. Boti inasogea gatini, maji yako chini, ngazi nne au tano za mwisho ziko wazi na ni za kijani. Vijana watatu wanaruka ndani, kila mmoja ameshika begi lako na kila mmoja anakwita "bosi". Begi lenye magurudumu linaburutwa vizuri hatua thelathini za kwanza za mbele ya bahari, kisha linaingia kichochoroni: mawe yasiyo sawa, mtaro wa maji upande mmoja, kinyesi cha punda upande wa pili. Hapo magurudumu yameisha kazi. Mkoba wa mgongoni au begi la kitambaa ndiyo dawa, na lisizidi uzito ambao wewe mwenyewe unaweza kuupandisha orofa mbili. Ukiwa na vingi, hamali mwenye mkokoteni yuko, na punda mwenye shogi yuko. Kubaliana bei kabla begi halijanyanyuliwa. Vizuri zaidi, mwambie mwenyeji atume mtu wake gatini na akupe jina la mtu huyo. Na ukisikia nyuma yako mtu anaita "Simila!", usigeuke kutazama. Sogea ukutani kwanza.

Nyumba ya Lamu iulizie maswali ambayo hoteli ya Nyali hungeiuliza. Chumba kiko orofa ya ngapi? Nyumba za mawe zina ngazi nyembamba, vidato vyake virefu, na mara nyingi hakuna cha kushikilia. Chumba chenye upepo mzuri na mandhari ya bahari ni kile cha juu kabisa, chini ya makuti. Bibi mwenye magoti mabovu atapanda mara moja jioni na hatashuka tena. Mtoto anayetambaa ni kesi nyingine, kwa sababu ya kingo za dari, yaani paa la wazi la juu. Mtu wa kiti cha magurudumu, kusema kweli, mji wa kale utamtesa. Nyumba ya Shela iliyo karibu na gati, au hoteli ya ufukoni, itamfaa zaidi. Uliza pia msikiti wa karibu uko umbali gani. Misikiti ni mingi, na adhana ya alfajiri itakuamsha. Wengine wanakuja kwa ajili hiyo, wengine hulalamika, na wa kulalamika angeuliza kabla.

Uliza na maji. Maji matamu ya mji hutoka visima vya Shela, ambako mvua huchujwa na vilima vya mchanga na kukaa chini yake. Vilima hivyo unavyoviona nyuma ya ufuo ndivyo tangi la kisiwa. Siku za kiangazi mifereji hukauka, kwa hiyo nyumba yenye birika kubwa la kuwekea maji ni bora kuliko yenye televisheni kubwa. Maji ya kunywa nunua au chemsha. Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Kenya imeipiga marufuku tangu Agosti 2017, na askari wa uwanjani wanajua kuitafuta. Chukua kikapu.

Afya inahitaji mpango wa kweli. Lamu mjini kuna hospitali ya kaunti, King Fahd, na maduka ya dawa ya kawaida yapo. Lakini mtu wa pumu, wa kisukari au wa presha achukue dawa za safari nzima na za siku kadhaa za ziada, nusu begini, nusu mkobani. Malaria ipo pwani: chandarua, dawa ya kupaka, na ushauri wa daktari kabla hujaondoka. Kwa kesi kubwa mgonjwa atavushwa kwa boti na pengine kurushwa hadi Mombasa au Nairobi. Bima ya kusafirisha mgonjwa kwa ndege, kama ile ya AMREF Flying Doctors, ni fedha ndogo ukilinganisha na kuitafuta ndege jioni bila bima.

Ufuo wa Shela ni mrefu, kilomita kama 12 za mchanga, na uzuri wake unadanganya. Mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda una mkondo mkali, hasa maji yanapotoka siku za bamvua, na usitegemee mwokoaji wa kukaa kwenye kiti akupulizie filimbi. Ogea karibu na kijiji, waulize wenyeji, na ukitembea mbali chukua maji, kofia na mtu wa pili. Huko mbele hakuna kivuli wala duka.

Kwa safari za mashua, mambo ya kukubaliana kabla ya kutoa shilingi ni haya: bei ni ya chombo au ya kichwa, chakula kimo au hakimo, mnaondoka na kurudi saa ngapi, kuna mashine ya dharura upepo ukikatika, na majaketi ya kuokolea yapo ya watu wote, wakiwemo watoto. Jaketi lionekane, lisiwe la kuahidiwa. Lipa sehemu, nyingine mkirudi. Nahodha mzuri hachukizwi na maswali. Anayekasirika, mwache aende na mashua yake. Na usimpe arubuni kijana wa kwanza wa ufukoni kwa sababu tu anajua jina la hoteli yako. Kila mtu gatini analijua.

Fedha ni habari fupi. M-Pesa inapokewa karibu kila mahali, benki na mashine za kutolea pesa ni chache, kadi ni ya hoteli kubwa. Beba noti ndogo za boti na hamali. Tochi pia, maana stima hukatika na vichochoro vina giza totoro. Viatu vya kuvuka maji. Na viatu vya kuvua haraka, kwa kuwa utavua mlangoni mara nyingi.

Nguo za kuogelea ni za ufukoni. Mjini mwanamke atupie kanga au leso mabegani, mwanamume avae shati. Huhitaji buibui wala kanzu, heshima inatosha. Usimpige mtu picha, hasa akina mama barazani, kabla ya salamu na idhini. Pombe haiuzwi ovyo, na kutembea na chupa mkononi ni kujitafutia maneno.

La mwisho la kupanga ni kuondoka. Usiku wa kuamkia safari mwambie mwenye boti saa ya ndege, si saa unayodhani mtavuka. Yeye ndiye anayejua maji yatakuwa wapi na itachukua muda gani kufika Manda. Akikwambia mwondoke mapema kuliko ulivyotaka, mkubalie. Wa basi alale na tiketi mkononi na boti ya Mokowe ikiwa imeshapangwa, kwani mabasi huondoka mapema na hayamngoji mtu aliyekwama na mtumbwi kwenye tope. Na ukiwa na mkutano Nairobi Jumatatu asubuhi, rudi Jumamosi.