Somo: Kuendesha ofisi ya uhasibu huku wafanyakazi wako majumbani

Kanuni ni moja: barua pepe, mafaili na laini za simu ni mali ya ofisi, si za mfanyakazi.

Hatua ya 1: Sajili kikoa (anwani ya tovuti na barua pepe) cha .co.tz kwa jina la kampuni. Kikisajiliwa kwa jina la fundi wa tovuti, siku akipotea mtahangaika. Kisha weka kwenye kikoa rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kuwa barua pepe imetoka kwenu kweli, la sivyo ankara zenu zitaishia kwenye spamu za wateja.

Hatua ya 2: Mafaili. Hapa ndipo ofisi nyingi huumia. Kwenye Google Workspace (huduma ya Google ya barua pepe na mafaili kwa ofisi), kazi zikae kwenye hifadhi ya pamoja (inapatikana kuanzia Business Standard), maana faili lililo kwenye hifadhi binafsi linamfuata mwenye akaunti. Kila mteja awe na folda yake, ndani yake mwaka, kisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani), PAYE (kodi ya mishahara), Benki. Jina la faili lianze na mwaka na mwezi, mfano 2025-03_VAT_rasimu, yajipange yenyewe.

Hatua ya 3: Washa uthibitishaji wa hatua mbili (nywila, kisha namba ya uthibitisho) kwa programu ya simu, si kwa SMS, matapeli wakirenew laini yako, SMS zinaenda kwao.

Hatua ya 4: Kalenda moja ya wote. Mwisho wa kuwasilisha PAYE ni tarehe 7, VAT tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Rasimu ya VAT imfikie mkaguzi tarehe 14. Mkisubiri tarehe 19, umeme ukikatika kwa mtu mmoja mmeshachelewa.

MASWALI

Mkuu, wateja wangu wanatuma risiti WhatsApp ya mhasibu, barua pepe hawataki kabisa.

Usishindane nao. Chukua laini ya kampuni, weka WhatsApp Business. Simu moja huunganishwa na vifaa vinne. Simu hiyo ifunguliwe angalau kila wiki mbili, vinginevyo vifaa vinajitoa. Risiti zihamie folda ya mteja siku hiyohiyo.

Umeme ukikatika kikao kinakufa, na laptop ina chaji!

Iliyozima ni ruta. Nunua UPS ndogo ya DC (betri ya akiba ya ruta): volti ziwe sawasawa na zilizoandikwa kwenye adapta (nyingi ni 12), ampea zisipungue. Volti zikizidi utaiunguza.

Mfanyakazi akiacha kazi nifute akaunti yake?

Si siku hiyo. Badili nywila, mtoe kwenye vifaa vyote, hamisha mafaili, ndipo ufute. Ukikosea, Google inaruhusu kuirejesha ndani ya siku 20 tu.