Kumchoma mtoto homoni ya ukuaji nyumbani, hatua kwa hatua

Somatropini, yaani homoni ya ukuaji iliyotengenezwa kama dawa, ni protini, na huharibika upesi ikishikwa vibaya. Mtoto akichomwa kila siku na bado harefuki ipasavyo, kagua kwanza friji, namna dawa inavyochanganywa na siku zilizorukwa, ndipo uulizie dozi.

1. Hakiki dozi. Kwa upungufu wa homoni ya ukuaji, dozi ya kawaida ni miligramu 0.025 hadi 0.035 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 20 aliyeandikiwa 0.03 hupata miligramu 0.6. Angalia kipimo: miligramu 1 ni yuniti 3. Ukivichanganya, mtoto atapata mara tatu ya dozi yake au theluthi tu.

2. Hifadhi kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiganda, itupe, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

3. Ikiwa ni ya unga, elekeza maji yake kwenye ukuta wa kichupa, yateremke polepole. Usitikise kamwe! Povu ni dalili kwamba protini inapigwa na hewa na kuharibika. Zungusha taratibu viganjani hadi unga wote uyeyuke. Dawa yenye ukungu au chembe haifai.

4. Nawa mikono, funga sindano mpya kwenye kalamu (kifaa cha kuchomea chenye umbo la kalamu), ielekeze juu na ubonyeze hadi tone litokeze.

5. Choma mafuta ya chini ya ngozi: paja, makalio au tumbo, mbali na kitovu. Hama sehemu kila siku, maana ngozi inayochomwa palepale hubonyea au kuvimba, na dawa hainyonywi vizuri. Bonyeza hadi mwisho, hesabu hadi 10, ndipo uchomoe. Tone kubwa likibaki juu ya ngozi, ulichomoa mapema. Fungua sindano na uitupe kwenye chombo kigumu. Ikibaki kwenye kalamu, hewa huingia na dawa huvuja.

Choma jioni, kwa kuwa mwili wenyewe hutoa homoni hii zaidi usingizini. Ukisahau, endelea kesho na dozi ileile, usiongeze maradufu.

Mtoto akiumwa kichwa sana, akitapika au kuona ukungu, shinikizo ndani ya fuvu huenda limepanda. Akichechemea, au akilalamikia nyonga au hata goti, kichwa cha mfupa wa paja huenda kimeteleza. Kwa yote mawili, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.