Priampu ya vali moja: jinsi ya kuijenga nyumbani

Priampu hii, yaani kikuza sauti cha awali kinachokaa kabla ya amplifaya kubwa, inatumia vali (taa ya kioo ya kukuza sauti) moja tu, ECC82, ambayo Wamarekani huiita 12AU7. Ndani ya chupa hiyo kuna trayodi mbili, yaani vikuzaji viwili vyenye anodi (inapotoka sauti iliyokuzwa), gridi (inapoingia sauti) na kathodi, kwa hiyo moja inashika chaneli ya kushoto na nyingine ya kulia. Sauti inakuzwa mara 13 hivi, inatosha kabisa kwa simu au kicheza CD kuisukuma amplifaya kubwa. Saketi yenyewe ni nyepesi. Kinachowashinda wengi ni umeme wake na ethi, ndiyo maana nitakaa zaidi huko.

Humu ndani mna volti karibu 300 za DC, na kapasita huzishika hata baada ya kuchomoa plagi. Ukizima, subiri dakika tatu, kisha pima kapasita kubwa kwa mita. Zikibaki zaidi ya volti 10, usiguse. Unapopima umeme ukiwa umewaka, tumia mkono mmoja, wa pili uwe mfukoni. Kama hujawahi kushughulika na umeme wa ukutani, fanya kazi hii pamoja na fundi.

Hatua ya 1: Vifaa

Rezista, dayodi na kapasita utazipata Kariakoo, Luthuli au duka lolote la vipuri vya redio. Vali na soketi yake ya pini tisa mara nyingi utaviagiza mtandaoni; JJ ya Slovakia inafaa. Usikubali kuuziwa ECC83 eti "ni ile ile". Pini zinafanana, lakini ukuzaji wake ni mkubwa mno kwa kazi hii. Kasha liwe la chuma. Kuhusu kapasita za bei mbaya zinazosifiwa mitandaoni, hela hiyo afadhali ununulie transfoma nzuri.

Hatua ya 2: Umeme

Transfoma maalumu ya vali ni adimu na ghali, kwa hiyo tunatumia mbili za kawaida, kila moja ya 230V kwa 12V. Ya kwanza, ya ampea 1 au zaidi, inashusha umeme wa ukutani hadi volti 12. Ya pili, ya nusu ampea, tunaigeuza: hizo volti 12 zinaingia upande wake mdogo, na upande wa 230 unatoa karibu volti 200 za AC. Hazifiki 230 kwa sababu transfoma ndogo hupoteza kiasi njiani, na kwetu hilo si hasara.

Weka fyuzi ya 250mA, ile inayochelewa kukatika, kwenye waya wa moto kabla ya swichi. Volti 200 zile zipitishe kwenye dayodi nne za 1N4007 zilizofungwa daraja ili ziwe DC, kisha kapasita ya 47µF 450V, rezista ya 2.2k (k ni ohm elfu, M ni ohm milioni) ya wati 2, kapasita nyingine kama ile, rezista nyingine kama ile, na kapasita ya tatu. Usiruke rezista na kapasita za mwisho eti kupunguza gharama. Hizo ndizo zinazoua mvumo. Sambamba na kapasita ya mwisho funga rezista ya 220k ya wati 2, ndiyo inayomwaga umeme ukizima.

Hita ya vali, waya wa ndani unaoipa joto, inachukua volti 12 za AC moja kwa moja kutoka transfoma ya kwanza, pini 4 na 5. Pini 9 iache. Kila waya wa hita uunganishe na ethi kupitia rezista ya 220Ω ya nusu wati. Zisokote nyaya hizo mbili kwa kubana, uzilaze kwenye kona ya kasha, mbali na gridi.

Hatua ya 3: Njia ya sauti

Ukiitazama soketi kwa chini, pini huhesabiwa kufuata mshale wa saa kuanzia penye pengo. Trayodi moja ina anodi 1, gridi 2, kathodi 3; ya pili ni 6, 7, 8. Kila chaneli inafungwa hivi:

- Sauti inaingia kwenye voliumu ya 50k ya log. Kutoka mguu wa kati, rezista ya 1k hadi kwenye gridi, ilehemu ikigusana kabisa na pini.
- Kutoka gridi hadi ethi, 1M. Voliumu ikichakaa na kuacha kugusa, hii inailinda vali.
- Kathodi hadi ethi, 1.5k na, sambamba nayo, kapasita ya 100µF 25V.
- Anodi inapata umeme kutoka kapasita ya mwisho kupitia 47k ya wati 1.
- Kutoka anodi, kapasita ya filamu ya 0.47µF 630V inatoa sauti nje, na 1M kutoka hapo hadi ethi.

Hatua ya 4: Ethi

Kasha liunganishwe na ethi ya plagi kwa bolti yake peke yake, iliyokwanguliwa rangi. Ethi za sauti zikusanye zote sehemu moja karibu na soketi za RCA (za kuchomekea nyaya za sauti), kisha waya mmoja tu uende kwenye kasha. Soketi za RCA zisiguse chuma cha kasha. Mvumo ukikusumbua, usikate ethi ya plagi hata kama unanyamaza papo hapo; hitilafu ikitokea, kasha zima litakuwa na umeme.

Hatua ya 5: Kuwasha

Washa mara ya kwanza bila vali, ukipitishia umeme kwenye balbu ya wati 40 ya nyuzi iliyofungwa sirizi. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikiwa sawa, toa balbu. Kapasita ya mwisho isome chini ya volti 330. Zima, subiri, pima, chomeka vali.

Ikishapata joto, utegemee volti 240 hadi 280 kwenye kapasita ya mwisho, 110 hadi 140 kwenye anodi na karibu 4 kwenye kathodi. Anodi ikisoma sawa na kapasita, vali haipitishi umeme: angalia hita kwanza. Mvumo unaopotea ukishusha voliumu unatoka kwenye waya wa kuingilia. Usiobadilika, tazama nyaya za hita na umbali wa transfoma. Amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa, maana priampu hupiga kishindo inapoamka.