Kuchagua Vifaa vya Peintiboli: Barakoa Kwanza, Bunduki Mwisho

Anayeanza kununua vifaa vyake mwenyewe vya peintiboli, mchezo wa kulengana kwa bunduki zinazofyatua risasi za rangi, aghalabu hukimbilia bunduki, na akishailipia hukuta kwamba fedha zilizobaki hazitoshi kununua barakoa ya maana. Mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Katika mchezo wa kwanza unaofahamika, uliochezwa Juni 1981 katika msitu wa Henniker, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, wachezaji 12 walibeba bastola za Nel-Spot 007, ambazo zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe. Mshindi, Ritchie White, alikusanya bendera zake zote bila kufyatua risasi hata moja.

Risasi ya rangi ya kawaida ina kipenyo cha inchi 0.68, yaani takriban milimita 17, na viwanja vingi huruhusu mwendo usiozidi futi 280 au 300 kwa sekunde, ambao ni kama mita 85 hadi 91. Kwa mwendo huo, miwani ya fundi wa kuchomelea au ya mwendesha pikipiki haifai kabisa, hata kama inaonekana imara. Nunua barakoa iliyotengenezwa mahususi kwa mchezo huu, inayofunika macho, masikio na uso mzima hadi kidevuni, na iliyoandikwa ASTM F1776, kiwango cha usalama cha kinga ya macho ya peintiboli. Ivae dukani kwa dakika kadhaa, kaza mkanda, kisha iname, tikisa kichwa na utazame juu: ikihama au ikiacha upenyo kwenye paji la uso, hiyo si yako. Mwenye miwani ya macho aivae wakati wa kujaribu, kwa kuwa barakoa nyingi huikandamiza miguu ya miwani hadi kichwa kikauma.

Jambo linalowasumbua wachezaji kuliko yote ni ukungu, hasa katika mji wenye unyevu kama Mombasa au Dar es Salaam, ambako pumzi na jasho huifunika lenzi ya tabaka moja mchezo unapopamba moto. Mchezaji asiyeona hushawishika kuivua barakoa uwanjani ili aipanguse, na hapo ndipo macho hupofuka. Kwa sababu hiyo ninasisitiza lenzi ya tabaka mbili, ambayo huacha hewa kidogo katikati na hivyo kuchelewesha ukungu, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Usiizamishe majini, kwa maana maji yakiingia kati ya tabaka hayatoki kwa urahisi. Ipanguse taratibu kwa kitambaa laini chenye unyevu, na usitumie dawa ya kusafishia vioo vya madirisha, kwani amonia huidhoofisha plastiki. Lenzi iliyopata ufa au iliyopigwa kwa karibu sana ibadilishwe kabla ya mchezo unaofuata.

Mavazi hayahitaji gharama kubwa. Shati la mikono mirefu na suruali pana, vyote vikiwa na nafasi ya kupitisha hewa, hupunguza maumivu na huvumilia joto. Ongeza glovu, kinga ya shingo na pedi za magoti, kwa kuwa muda mwingi utapiga magoti kwenye changarawe. Viatu viwe vya kushika kifundo cha mguu na vyenye soli yenye meno. Wanaume wavae kinga ya sehemu za siri, na wanawake kinga ya kifua.

Kuhusu hewa inayosukuma risasi, kuna mitungi ya kaboni dioksaidi na mitungi ya hewa iliyoshindiliwa. Ya kwanza ni rahisi, lakini gesi yake hubadilika shinikizo kulingana na joto: mtungi ulioachwa juani huongeza mwendo wa risasi hadi kupita kikomo cha uwanja, na ukifyatua mfululizo mtungi hupoa na risasi hudondoka njiani. Hewa iliyoshindiliwa ni tulivu zaidi, na bunduki nyingi za elektroniki hazikubali kingine. Mitungi ya alumini hujazwa hadi psi 3000 (psi ni kipimo cha shinikizo, pauni kwa inchi ya mraba), na ya nyuzi za kaboni hadi psi 4500. Kabla ya kulipia huo wa pili, uliza kama kompresa ya uwanja wako inaweza kufika huko. Soma pia tarehe iliyogongwa kwenye mtungi, kwa sababu mitungi mingi hupimwa upya kila baada ya miaka 5. Kamwe usitie mafuta kwenye chuchu ya kujazia, kwani mafuta na hewa ya shinikizo kubwa vinaweza kuwaka.

Risasi zenyewe zina ganda la jelatini, nalo hunyonya unyevu likavimba na hulegea kwenye joto. Usiziache ndani ya gari. Kabla ya kununua boksi zima, viringisha chache mezani uone kama zinakwenda sawasawa, kisha ingiza moja kwenye mtutu: ikipita yenyewe mtutu ni mpana mno, na ikihitaji kupulizwa kidogo tu ndipo itoke, vimelingana.

Sasa bunduki. Kwa anayeanza, ya kimakanika isiyotumia betri, kama Tippmann 98 Custom, inatosha, maana hustahimili vumbi na hufunguliwa kwa zana za kawaida. Ukinunua iliyotumika, mwombe muuzaji afunge mtungi mbele yako na usikilize: sauti ya kufoka karibu na mpini mara nyingi ni oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa kuvuja) iliyochakaa, ambayo ni ya bei ndogo, lakini mwili uliopasuka au nyuzi za skrubu zilizolika ni sababu ya kuondoka. Ipime mwendo kwa kipimo cha uwanjani kabla ya kukabidhi fedha, na uhakikishe inakuja na soksi ya mtutu, yaani mfuko wa kuziba mdomo wa bunduki, ambayo inapaswa kuvikwa kila unapotoka uwanjani. Anayetaka kuagiza kutoka ng'ambo aulize kwanza polisi na forodha wa nchi yake kuhusu kibali, kabla hajatuma malipo.