Jinsi ya Kuvuka Uwanda wa Shira, Mlima Kilimanjaro

Uwanda wa Shira uko upande wa magharibi wa Kilimanjaro, kati ya mita 3,500 na 3,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na ni mabaki ya volkano ya kwanza kati ya tatu zilizoujenga mlima huo. Wageni wengi hufika hapo mawazo yao yakiwa Kibo, kilele kirefu kuliko vyote mlimani. Kwa muda wote ambao nimeongoza watu, nimeona kwamba safari ya Kibo huamuliwa hapa uwandani, kwa sababu ardhi iliyo karibu tambarare humsahaulisha mwenye miguu imara kwamba shinikizo la hewa limeshuka hadi takriban theluthi mbili ya lile la pwani.

Hatua ya kwanza ni kupanga siku. Ukipitia njia ya Lemosho, inayoanzia geti la Londorossi, chukua siku nane, na ukishawishiwa kwenda kwa sita ili kupunguza gharama, kataa. Epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei. Sheria za hifadhi zinakutaka uwe na mwongozaji mwenye leseni, na mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Tafadhali simama mwenyewe kando ya mizani uone mzigo unavyopimwa.

Hatua ya pili ni begi la mgongoni. Wapagazi hutangulia, kwa hiyo koti la mvua, sweta la sufu, glavu, kofia, tochi ya kichwani na maji lazima uvibebe mwenyewe. Usivae pamba mwilini, kwani ikilowa jasho haikauki, na jua likizama uwandani baridi hushuka ghafla hadi maji kuganda.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha mwongozo huu, ni mwendo. Baada ya usiku mmoja msituni katika kambi ya Mti Mkubwa, utatoka kwenye miti, utapita vichaka vya erika, kisha uwanda utafunguka mbele yako wote kwa pamoja, na hapo ndipo watu huanza kukimbia. Piga hatua fupi. Zungumza na mwenzako, na ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, punguza mwendo hata kama njia haipandi. Kunywa lita tatu za maji kwa siku, kidogo kidogo. Siku ya kwenda kambi ya Shira 2, anza saa mbili asubuhi, maana mchana mawingu hupanda kutoka msituni na kufunika kila kitu kwa dakika chache. Yakikukuta, fuata mafungu ya mawe yanayoonyesha njia, mkae katika mstari mmoja, na aliyepotezana na wenzake asimame pale pale alipo.

Usikanyage nje ya njia. Misenesio na lobelia, mimea mikubwa ya mlimani unayoiona, ambayo hufunga majani yake usiku ili kukinga chipukizi lisigande, hukua polepole mno, na alama ya kiatu kwenye udongo ule hubaki kwa muda mrefu.

Hatua ya nne hufanywa kila jioni, na isifanywe kwa haya. Mwambie mwongozaji ukweli kuhusu kichwa, hamu ya kula na usingizi. Maumivu madogo ya kichwa yanayotulia kwa maji na mapumziko huvumilika, lakini ukitapika, usipande tena mpaka upone. Mtu anayeyumba anapotembea kisigino mbele ya vidole katika mstari ulionyooka, au anayekohoa na kuhema hata akiwa amekaa, huenda ana uvimbe wa ubongo au maji mapafuni, na lazima ateremshwe mara moja, iwe usiku au mvua inanyesha. Shira ina bahati ya kuwa na barabara ya gari inayopanda kutoka Londorossi, kwa hiyo msaada uombwe mapema.

Asubuhi ya kuondoka Shira 2, njia hupanda hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, kisha hushuka kulala Barranco, karibu mita 3,900, ili mwili uzoee kimo. Ondoka tu ikiwa umekula, umelala angalau kwa vipindi, na kichwa hakikuumi. Kama kimojawapo kimekosekana, lala Shira siku moja zaidi.