Kutoa Karaginani kwenye Mwani wa Kotonii: Mwongozo wa Maabara Ndogo

Karaginani ni polisakaridi, yaani mnyororo mrefu wa sukari, iliyojengwa kwa sukari ziitwazo galaktosi zilizobeba salfeti, na ndiyo sababu mwani unaolimwa Paje na Jambiani, Zanzibar, huvuka bahari kwenda kwenye viwanda vya chakula. Hapa naeleza kotonii, yaani Kappaphycus alvarezii, ambayo hutoa karaginani ya aina ya kapa. Wanafunzi wengi hukosea jambo moja, nami nalitanguliza: kazi hii haipimwi kwa gramu za unga uliopatikana, bali kwa ugumu wa jeli.

Hatua ya 1. Osha mwani mkavu kwa maji baridi mara tatu, ukiondoa chumvi, mchanga na vikamba vya kufungia mbegu. Ukaushe tena kwenye nyuzi 60 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike, kisha upime mafungu mawili ya gramu 30. Fungu la pili halitapita kwenye alkali, yaani potasiamu haidroksaidi ya Hatua ya 2. Ni la kulinganishia.

Hatua ya 2. Vaa miwani ya kinga na glavu. Yeyusha gramu 60 za potasiamu haidroksaidi katika maji, ukitia kemikali kwenye maji wala si maji kwenye kemikali, kisha jaza hadi lita 1. Loweka humo fungu la kwanza kwa saa 2 kwenye nyuzi 80. Hapa ndipo ubora unapoamuliwa. Ndani ya mwani, baadhi ya galaktosi huwa na salfeti kwenye kaboni ya sita, na kila penye galaktosi ya namna hiyo mnyororo hujipinda, hivyo minyororo miwili haiwezi kusokotana vizuri. Alkali huing'oa salfeti hiyo na kuacha daraja la oksijeni kati ya kaboni ya tatu na ya sita. Pindo hunyooka, na jeli hupata nguvu. Wakati huo huo potasiamu huizuia karaginani isiyeyukie nje, ndiyo maana mwani hubaki mzima, mgumu kidogo, kama ukanda wa mpira.

Hatua ya 3. Mwaga alkali mahali palipotengwa, kisha osha na kuloweka kwa maji mapya mara nyingi hadi pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ikaribie 8.

Hatua ya 4. Katakata kila fungu, ulichemshe katika lita 1.5 za maji kwenye nyuzi 90 hadi 95 kwa saa 2, ukirudishia maji yanayopungua. Chuja mchemsho kwa kitambaa cha melimeli ukiwa bado wa moto sana. Siku moja niliacha sufuria nikaenda kupokea simu. Niliporudi, kitambaa kilikuwa kimeshikwa na jeli na hakikupitisha hata tone. Kilichoganda hurudishwa motoni, hakikamuliwi.

Hatua ya 5. Zima kila chenye moto au cheche, kisha mimina mchujo polepole katika isopropanoli, alkoholi inayoshika moto upesi, yenye ujazo mara mbili ya wake, ukikoroga kwa kijiti cha kioo. Nyuzi nyeupe hutokea papo hapo na kujizungusha kwenye kijiti kama sufi. Zikamue, zikaushe usiku kucha kwenye nyuzi 60, uzisage.

Hatua ya 6. Tengeneza jeli ya asilimia 1.5 yenye potasiamu kloraidi asilimia 0.2, uipashe hadi nyuzi 80, uiache igande usiku mzima. Usipokuwa na kipima-jeli, weka kikombe juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha kandamiza jeli kwa fimbo bapa yenye eneo la sentimita 1 ya mraba hadi ipasuke. Gramu zinazosomeka wakati huo ndizo jibu lako. Kwa kawaida fungu lisilopita kwenye alkali hutoa unga mwingi zaidi, lakini jeli yake huvunjika mapema.

Ukitaka kuitumia jeli hii katika kinywaji cha ukwaju, tia ukwaju mwishoni, kwa kuwa asidi ikipata joto huikata minyororo. Kwa spinosamu, aina nyingine ya mwani, ambayo ndiyo inayolimwa kwa wingi Zanzibar, utapata karaginani ya aina ya iota: badala ya potasiamu kloraidi tumia kalsiamu kloraidi, na usitegemee kipimo cha kupasua, maana jeli yake ni laini, hunepa, na hata ikikorogwa hujiunga tena.